Mgeni Njoo, Gari Lipumzike: Hewa ya Mexico City na Mapafu Yetu



Mwezi uliopita, tukiwa katika kliniki ya watoto wenye pumu, mama mmoja alisubiri mpaka foleni ikaisha. Kisha akatufungulia ujumbe kwenye simu yake. Mwanawe anaishi Texas, Marekani, pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka saba ambaye ana pumu. Wanataka kwenda kuhiji Guadalupe, Mexico City, kwa sikukuu ya Desemba 12, na wamepanga kusafiri kwa gari lao wenyewe. Lakini jirani yao amewaambia kwamba katika jiji lile gari la mgeni likionekana barabarani asubuhi linakamatwa. Kijana ameandika kwa uchungu: “Mama, hata kwenda kusali tunabaguliwa?”

Mama akatuuliza maswali mawili. “Sista, hiyo ni haki? Na mjukuu wangu atakuwa salama huko?”

Tulimwomba atupe muda wa kusoma na kuuliza. Majibu tuliyompa tumeona tuwagawie na ninyi, kwa sababu maswali yake yanahusu mapafu, na mapafu tunayo sote.

JIJI LILILOKAA NDANI YA BAKULI

Mexico City ni mji mkuu wa Meksiko. Ukihesabu na vitongoji vyake, unakaliwa na watu zaidi ya milioni 20. Jiji hili liko juu sana, mita 2,240 hivi kutoka usawa wa bahari, na limezungukwa na milima karibu pande zote. Ni kama watu wote hao wanaishi ndani ya bakuli moja kubwa.

Kila mama aliyepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha anajua kinachotokea. Moshi hauna pa kutokea, macho yanawasha, mtoto mgongoni anakohoa. Mexico City nayo ina siku za namna hiyo. Katika miezi ya baridi, yaani kuanzia Novemba hadi Februari, usiku hewa ya chini hupoa sana na hewa ya vuguvugu hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa magari ya alfajiri hunaswa chini ya kifuniko hicho mpaka jua lipande na kukifungua.

Kuna na jambo la pili. Kwa kuwa jiji liko juu, hewa yake ni nyepesi. Kila pumzi moja huwa na oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pumzi ya mtu aliye Dar es Salaam au Mombasa. Injini ya gari nayo hukosa hewa ya kutosha, na ile isiyorekebishwa vizuri huchoma mafuta nusunusu na kutoa moshi wenye sumu zaidi. Hivyo mtu hupata oksijeni kidogo na sumu nyingi kwa wakati mmoja.

Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa uliutaja mji huu kuwa wenye hewa chafu kuliko miji yote duniani. Siku hizi haushiki tena nafasi hiyo, na tutaeleza kwa nini. Lakini hatari haijaisha.

SHERIA YENYEWE INASEMAJE?

Mnamo Novemba 1989 serikali ya jiji ilianzisha mpango unaoitwa “Hoy No Circula”, maana yake “Leo halitembei”. Ulikusudiwa kwa majira ya baridi tu, lakini mwaka 1990 ukafanywa wa kudumu. Unahusu jiji lenyewe pamoja na manispaa 18 za jimbo jirani. Kila gari linalohusika hulala siku moja ya juma, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba zake:

Jumatatu: namba zinazoishia 5 au 6.
Jumanne: 7 au 8.
Jumatano: 3 au 4.
Alhamisi: 1 au 2.
Ijumaa: 9 au 0.

Magari ya wenyeji hupelekwa kupimwa moshi, kwa kawaida kila miezi sita, na hubandikwa stika kwenye kioo. Yenye moshi mdogo kabisa huruhusiwa kutembea kila siku. Yenye moshi mwingi hulala siku yao ya juma, na pia hulala Jumamosi, baadhi yake Jumamosi mbili kwa mwezi na mengine Jumamosi zote.

Gari la mgeni je? Gari lenye namba za nchi nyingine, au hata za jimbo jingine la Meksiko, likiwa halina stika hiyo, lina masharti matatu. Kwanza, hulala siku yake ya juma kama tulivyoonyesha. Pili, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa halitembei kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 asubuhi. Tatu, halitembei siku ya Jumamosi, tangu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku. Anayekaidi hutozwa faini, na gari huvutwa mpaka yadi ya polisi.

Kwa mfano, gari la kijana wetu likiwa na namba zinazoishia 4, siku yake ni Jumatano. Siku nyingine za kazi anaweza kutembea baada ya saa 5 asubuhi. Jumapili, kama hakuna tangazo la dharura, yuko huru.

Pia zipo siku za dharura. Vipimo vya hewa vikipanda kupita kiwango kilichowekwa, jiji hutangaza hali ya hatari na magari mengi zaidi huzuiwa, hata yale yenye stika nzuri. Mwezi Machi 2016 ilitokea hivyo. Kisha kuanzia Aprili 5 hadi Juni 30 mwaka huohuo karibu kila gari lililala siku moja kwa juma, liwe jipya au la zamani.

JE, HUU NI UBAGUZI?

Katika wodi zetu kuna saa za kuona wagonjwa. Kila juma tunamkuta ndugu aliyetoka mbali kwa basi, ana mfuko wa machungwa mkononi, naye amekasirika kwa sababu mlinzi amemzuia getini. Hatumchukii ndugu huyo. Tunajua ameacha shamba lake na ametumia nauli. Lakini ndani kuna mtu ametoka kupasuliwa asubuhi hiyo, na kuna mtoto anayepigania pumzi. Saa zile hazikuwekwa dhidi ya mgeni. Zimewekwa kwa ajili ya aliyelala kitandani.

Na kwa nini mgeni abanwe kuliko mwenyeji? Mfano mwingine wa hospitali utatusaidia. Hatumwongezei mgonjwa damu ambayo haijapimwa, hata kama aliyeitoa ni mtu mwema na mwenye afya. Hatumshuku yeye, ila hatujui kilichomo. Gari la mwenyeji limepimwa na majibu yamebandikwa kwenye kioo. Gari la mgeni halina majibu.

Hata hivyo wageni hawakuachwa bila njia. Jiji hutoa pasi ya utalii bila malipo, nayo huombwa kwa intaneti kabla ya safari. Katika kipindi cha miezi sita, gari la kutoka nje linaweza kupewa pasi mbili za siku 7 kila moja, au pasi moja ya siku 14. Kwa siku hizo huhesabiwa kama gari lenye stika nzuri. Anayeomba asome masharti ya wakati huo, maana hubadilishwa mara kwa mara.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni anayeingia kwa mwenyeji mwenye kifua asilete moshi.

MOSHI UNAFANYA NINI MWILINI?

Tuangalie vitu vitatu.

1. Chembe laini. Hizi ni masizi na vumbi jembamba mno. Unaweza kupanga chembe kama 30 katika upana wa unywele mmoja. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, nasi tunalitoa kwa kamasi na makohozi. Chembe hizi hupita mpaka ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia kwenye damu. Ndiyo maana hewa chafu haileti kikohozi tu. Huongeza pia shambulio la moyo na kiharusi. Mwaka 2013 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka hewa chafu ya nje kati ya visababishi vya saratani. Shirika hilo lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema vya watu milioni 4.2 duniani.

2. Ozoni. Juu angani gesi hii hutukinga na miale mikali ya jua. Mwanasayansi Mario Molina, mzaliwa wa Mexico City, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na wenzake wawili kwa kazi yao juu ya ozoni hiyo ya angani. Lakini ozoni ikitengenezeka chini tunapoishi, ni adui. Gesi za magari ya asubuhi hupikwa na jua na kugeuka ozoni, ambayo huwa kali zaidi mchana na alasiri, hasa katika miezi ya joto na ukavu, Machi hadi Mei. Hapo tunaona uzito wa zile saa za asubuhi: moshi usiotolewa alfajiri hauwezi kupikwa mchana. Ozoni huwasha njia za hewa kama pilipili inavyowasha jicho. Kwa mwenye pumu njia hizo hukaza, na shambulio huanza.

3. Kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Inaposhika damu huchukua nafasi ya oksijeni. Mahali ambapo oksijeni tayari ni pungufu, madhara yake huja mapema zaidi, nayo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu.

Wanaoumia zaidi ni watoto, wazee, wajawazito na wenye maradhi ya moyo au mapafu. Mtoto hupumua harakaharaka kuliko mtu mzima, na kimo chake kiko karibu na bomba la moshi. Wala tusidhani kwamba aliyefunga vioo amesalimika. Katika foleni, gari hunyonya moshi wa gari lililo mbele yake, na walio ndani huupumua.

DAWA HII IMEPONYA?

Tunapaswa kusema ukweli wote. Mwaka 2008 mchumi Lucas Davis alichapisha utafiti juu ya mpango huu, na hakuona ushahidi kwamba kulaza magari kuliifanya hewa ya jiji kuwa safi zaidi. Aliona pia dalili kwamba watu waliongeza magari. Mtu ambaye gari lake linalala Jumanne alijipatia la pili lenye namba tofauti, na mara nyingi lilikuwa kuukuu lenye moshi zaidi. Mwaka huohuo wa 2008 Jumamosi iliongezwa kwenye mpango. Mwaka 2017 Davis alichapisha utafiti kuhusu Jumamosi hizo, na matokeo yakawa yaleyale.

Sisi wauguzi jambo hili hatulishangai. Tumewaona wagonjwa wanaomeza dawa asubuhi na jioni wanarudia kile kilichowaugua. Dawa ya nusu dozi haiponyi, hata ikiwa dawa nzuri.

Basi ni nini kilichosaidia hewa ya jiji lile? Ni mambo mengi yaliyofanywa pamoja. Kuanzia mwaka 1990 ililetwa petroli isiyo na madini ya risasi, na kufikia mwaka 1997 petroli yenye risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto, ikaondolewa kabisa. Tangu mwaka 1991 magari mapya yalilazimika kuwa na kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi ambacho mafundi wetu hukiita masega. Mwaka huohuo wa 1991 kiwanda kikubwa cha kusafishia mafuta kilichokuwa ndani ya jiji, huko Azcapotzalco, kilifungwa. Upimaji wa moshi uliimarishwa. Treni za chini ya ardhi, zilizoanza mwaka 1969, ziliongezewa njia, na mwaka 2005 yakaanza mabasi yaendayo haraka yenye barabara yake yenyewe.

Kwa hiyo kulaza gari kuna maana pale ambapo mwenye gari anapanda basi au treni siku hiyo. Akitafuta gari jingine, amejidanganya mwenyewe.

USHAURI WETU KWA MSAFIRI

Huu ndio ushauri tuliomwandikia mama yule ampelekee mwanawe. Unamfaa yeyote mwenye ndugu anayekwenda katika jiji lile au jiji jingine la namna hiyo.

1. Omba pasi ya utalii mapema, na pia kibali cha muda cha kuingiza gari Meksiko. Uwe na nakala zake ndani ya gari.

2. Ukishafika, liache gari kwenye maegesho. Basilika ya Guadalupe iko kaskazini mwa jiji na ina kituo chake cha treni, kinachoitwa La Villa-Basílica. Desemba 12 mahujaji hufurika huko, na gari litakuwa mzigo tu. Pasi inakuruhusu kutembea, lakini haisafishi moshi wa gari lako.

3. Mwenye pumu aonane na daktari wake majuma machache kabla ya safari. Dawa ya kinga inayovutwa kila siku isikatizwe kwa sababu mtoto “anaonekana mzima”. Dawa ya kuvuta ya kutuliza shambulio ikae mfukoni mwa mzazi. Isiachwe kwenye sanduku hotelini.

4. Mwenye selimundu asiende mahali pa juu namna hiyo kabla ya kuonana na daktari. Upungufu wa oksijeni unaweza kumletea maumivu makali na hatari nyingine. Wenye maradhi ya moyo na wajawazito nao wapate ushauri.

5. Siku mbili tatu za mwanzo mpumzike. Kunyweni maji ya kutosha, msikimbie wala kupanda ngazi nyingi.

6. Kila asubuhi tazameni kipimo cha hewa kinachotangazwa na jiji. Rangi ya kijani ni hewa nzuri, njano ni ya wastani, machungwa ni mbaya, nyekundu ni mbaya sana, zambarau ni mbaya kupita kiasi. Ikiwa machungwa, mtoto mwenye pumu asicheze nje. Ikifika nyekundu au zambarau, akae ndani na madirisha yafungwe. Mwezi Desemba msitoke naye alfajiri, subirini jua lipande.

7. Msitegemee kitambaa puani. Kitambaa hakizuii gesi, na chembe laini hupita ndani yake.

8. Msilale ndani ya gari huku injini inaunguruma, hasa katika gereji au mahali palipofungwa. Kaboni monoksidi huua mtu usingizini.

Dalili za hatari kwa mwenye pumu ni hizi: anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zinabonyea anapovuta hewa, midomo au ulimi unageuka rangi kuwa wa buluu au kijivu, anasinzia au kuchanganyikiwa, au dawa ya kutuliza haimpi nafuu. Hapo si wakati wa kusubiri misa iishe. Apelekwe hospitali mara moja.

NA SISI HUKU?

Tusiwanyooshee wengine kidole. Siku mama yule alipotuletea ujumbe, nje ya dirisha la kliniki ileile ya watoto wenye pumu lilikuwa limesimama gari la mgeni wetu mmoja, injini inaunguruma, dereva akimsubiri tajiri wake. Moshi ulikuwa unaingia ndani mpaka watoto wawili wakaanza kukohoa. Tulipomwomba azime alituuliza, “Sista, gari moja tu lina nini?” Aliuliza kwa wema kabisa, wala hakuwa na kiburi. Tulimwita aingie awaone watoto. Hakujibu neno, alitoka akazima.

Mexico City kuna mamilioni ya magari, na kila mwenye gari angeweza kuuliza swali lile. Gari moja likizimwa chini ya dirisha la wodi, mtoto aliye karibu na dirisha hilo anapumua vizuri zaidi saa hiyohiyo. Basi tuzime injini tunaposubiri mtu. Tuyapeleke magari yetu kwa fundi yanapoanza kutoa moshi mweusi, na tusikubali kung'oa masega ili kuyauza.

Mama yule alirudi juma lililofuata. Mwanawe amejibu kwamba hasira zimeisha. Wataomba pasi, gari watalilaza hotelini, nao watapanda treni kwenda Guadalupe. Mtoto amekwisha pelekwa kwa daktari. Bibi amebakiwa na swali moja tu: kama mjukuu wake atakumbuka kubeba dawa. Tulimwambia ampigie simu mkwewe siku ya kuondoka, amkumbushe. Kazi hiyo haimshindi bibi yeyote.